Mwanangu Ametuvalisha Sura Moja

Anord amemaliza chuo kikuu! Shahada ya kompyuta, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, aliyeanza darasa la kwanza hapa hapa Gare na sweta la kurithi linalomfika magotini, na katika ukoo wetu wote, upande wangu na upande wa baba yake, hakuna aliyewahi kuvaa joho, labda yule padri wa Rangwi ambaye tunahesabiana naye undugu kwa mbali, na lake ni kanzu.

Mpendwa Shangazi Hawa, nisamehe, furaha imetangulia adabu. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi tuamkiane tu kama wanawake. Mimi ni mkulima wa kabichi na karoti, nilisoma mpaka la saba na mwandiko wangu mwalimu mkuu aliusifu mbele ya darasa, kwa hiyo barua hii nimeiandika mwenyewe, na msomi wangu hana habari. Majina ya watu nimeyabadilisha, hata kijiji sicho, isipokuwa jina la Anord, hilo nimeliacha kwa sababu nimengoja miaka mingi kuliona gazetini. Naomba unisaidie, maana sherehe yake iko mlangoni na furaha yangu imeingiwa na ukungu kama ule wa mwezi wa saba, mkono wako mwenyewe unauona lakini jirani humwoni.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Huku kwetu mtoto haendi chuo peke yake. Siku Anord anaondoka, kina mama wote wa jumuiya yetu walimsindikiza mpaka barabarani, kwenye rasharasha, wanaimba, wote wamevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, huyu amebeba kikapu cha peasi, huyu mto wa kulalia, na jirani yangu Rahabu, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alijitwika sanduku kichwani na Anord alipotaka kumpokea akamfokea, "Acha, baba, mikono yako ni ya kalamu, usije ukaichosha kabla hujafika!" Tukapiga picha pale pale barabarani, mimi niko katikati nimecheka mpaka pengo linaonekana. Ni picha hiyo, Shangazi. Ni hiyo hiyo.

Na hicho kitenge si cha hivi hivi. Zamani kila mtu alikuja kwenye shughuli na alichonacho, mpaka siku moja kwenye ubatizo nilimkuta mwenzetu mmoja, nimwite Esteria, amejichimbia jikoni kwangu tangu asubuhi anasugua sufuria ambazo zimeshang'aa, kumbe gauni lake limechanika mgongoni na hataki kupita mbele za watu. Hapo ndipo mimi, si kujisifu ila ukweli usemwe, nikatoa wazo la sare. Tukanunua jora zima, tukagawana, na asiyeweza akapata chake kimya kimya, na mpaka leo wanaojua ni nani hakulipia ni mimi na Rahabu tu, wengine hawajui na hawatajua. Tukisimama pamoja huwezi kusema nani ana ng'ombe na nani hana hata kuku.

Sasa juzi juzi, Anord yuko nyumbani anangoja mahafali, nikafungua simu, na simu hii alininunulia yeye kwa bumu lake la kwanza, ile hela ya mkopo wa chuo, badala ya kujinunulia viatu, uone moyo wa huyo mtoto, nikakuta ameweka picha yetu kwenye stetasi. Kitenge nilikitambua palepale, na kikapu cha peasi. Ila vichwa vyetu vyote vilikuwa vimefunikwa na sura moja ya kijivu, macho nukta mbili, mdomo mstari, kama mtu aliyechorwa na mtoto mwenye haraka, na juu yake maandishi: "Mmoja amesema kitenge cha kijani. Waliobaki:" halafu kila kichwa na neno lake, "Sawa," "Sawa," "Sawa." Na chini kabisa: "Akili ya mteja unayempigia haipatikani kwa sasa."

Basi mimi nikadhani nini? Nikadhani ametuficha sura kwa heshima, kama magazeti yanavyoficha sura za watoto, nikasema moyoni huu ndio ustaarabu wa wasomi, hataki sura za mama zake zizagae ovyo. Yale ya mteja sikuyaelewa, nikayachukulia ni utani wa mjini. Sikumwuliza. Nikaichukua nikaituma kwenye grupu la kina mama wa jumuiya, na grupu la ukoo, na la wauza mboga wa sokoni Lushoto, nikaandika na maneno yangu: "Mwanangu hawasahau mama zake! Ametuweka mtandaoni!"

Pongezi zikaja, maua, mioyo, mikono ya kupiga makofi. Kumbe nyumbani kwa Rahabu binti yake Vumilia, yuko kidato cha nne na ndiye aliyenieleza haya baadaye, ameiangalia ile picha akamwambia mama yake, "Mama, hapa mmetukanwa." Akamfafanulia kwamba sura ile huko mtandaoni wanabandikwa watu wasio na chao kichwani, ukiwasukuma huku wanakwenda, ukiwarudisha kule wanarudi.

Rahabu naye akawaeleza wenzake mmoja mmoja, bila kupitia grupu. Kisha kwenye grupu akaandika neno moja: "Sawa." Akafuata mwingine: "Sawa." Na mwingine. Simu inatetemeka mkononi mwangu, Sawa, Sawa, Sawa, mpaka wakaisha wote, nami nimekaa kwenye kigoda changu jikoni sijaelewa bado, nikajibu: "Asanteni sana wapendwa."

Nilielewa siku ya jumuiya. Ilikuwa zamu ya nyumba yangu, nimechemsha viazi na chai ya tangawizi, nimevaa kitenge changu cha kijani, naona wanapanda kilima mmoja mmoja, si kwa kundi kama siku zote, na hakuna aliyevaa sare. Mmoja ametoa gauni lake la harusi, mwingine amevaa koti la mumewe, Rahabu ana blauzi nyekundu niliyodhani alishaizika. Sebule yangu ikawa kama mnada wa mitumba.

Nikasema, "Karibuni jamani, mbona hivi?"

Rahabu akasema, "Tumekaribia, Mama Digrii. Na usiseme tumeambiana. Kila mtu leo amekuja kwa akili yake."

"Hata mimi," akasema yule wa koti. "Nilipofungua kabati akili ikaniambia, vaa la mzee."

Wakacheka. Tukasali, tukanywa chai, nikajikaza nikauliza kuni za sherehe tunakwenda lini kuchanja. Rahabu akapuliza chai yake taratibu akasema, "Ah, hilo kila mtu atalifikiria kivyake, dada. Si vizuri watu wazima kukurupuka wote pamoja." Wakacheka tena na mimi nikacheka, maana usipocheka utalia. Lakini Shangazi, sherehe ya watu wote hawa haipikwi na mtu mmoja, na hata ingepikika, nani atampigia mwanangu vigelegele, mimi peke yangu na pengo langu?

Na kuna jambo jingine zito zaidi. Siku ile waliokosa walikuwa kadhaa, huyu mgonjwa, huyu msibani, lakini Esteria hakuwa mgonjwa wala msibani. Nilipita kwake kesho yake akaniambia kiuno kinamsumbua. Mimi namjua, hana kiuno kinachosumbua, hana nguo. Sare ikivuliwa na wote yeye anabaki na nini? Tangu hapo hajatokea jumuiya wala kanisani.

Anord nilimwuliza akiwa anakula. "Mwanangu, ile picha ilikuwa na maana gani?"

"Mama, ni utani tu. Vijana wote tunaweka."

"Utani wa nani?"

"Sikuwalenga nyie. Nilitaka picha ya watu waliovaa sawa, hiyo ikawa karibu."

"Mle ndani nimo, Anord."

"Lakini Mama, hata sura yako haionekani!"

"Ndiyo ninayosema, ng'wanangu."

Akaacha kula. Halafu, kwa kuwa ana damu yangu na hatukubali kushindwa, akasema, "Kwani nani aliyeisambaza? Kwangu ingejifuta yenyewe kesho yake, wala wasingejua." Hapo alinipata. Akaongeza kwamba hata sherehe yenyewe ni mkumbo, kila mzazi anafanya kwa sababu jirani amefanya, na kwamba sisi huku hatujiulizi kwa nini tunavaa sawa, tunavaa tu. Shangazi, jibu lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikimweleza kwa nini tunavaa sawa lazima nimtaje wa kufichwa, na nikimtaja nimemvua Esteria nguo kwa mkono wangu.

Baadaye aliona ninavyokwenda kimya akaandika ujumbe, "Samahani kwa wote walioguswa," akaniambia niutume kwenye grupu. Sijautuma. Naona haujatosha lakini siwezi kusema umepungua wapi. Baba yake, Fanueli, anasema tufute sherehe, tuchinje jogoo tule sisi wenyewe. Jogoo mmoja kwa shahada nzima!

Usimseme vibaya sana mwanangu. Ni mtoto mzuri, akija likizo huchota maji bila kutumwa, na mbele za watu anaamkia mpaka wanaomzidi mwezi mmoja. Lakini nifanye nini? Nitume ule ujumbe? Nimwambie siri? Nifute sherehe, au nipike mwenyewe nione watakaokuja?

Ni mimi Mama Anord, mama wa msomi.

JIBU LA SHANGAZI HAWA

Mama Anord, hongera. Nimeanza na hiyo kwa sababu ningeanza na mengine usingesoma mpaka mwisho. Umelea, umesomesha, jidai, ni haki yako. Umebadilisha majina yote ukabakiza la mwanao. Nami nimelibadilisha hilo, huyo "Anord" nimemtunga mimi. Utaninunia, lakini jina lake halisi litaonekana gazetini siku nyingine, kwa jambo jingine.

Sasa kaa. Ulituma picha usiyoielewa kwenye magrupu matatu kwa sababu uliona aibu kumwuliza mtoto wako, "Hii maana yake nini?" Ulitaka aamini kwamba unaelewa. Dada yangu, mama aliyeishia la saba akamfikisha mtoto shahada hana sababu ya kuogopa swali. Kuanzia leo, usichokielewa uliza kwanza, ndipo ukitangaze.

Tuje kwa msomi. Anasema nyinyi mnafuata tu. Mwulize, hiyo sura ya kijivu aliibuni yeye? Hakuibuni. Inazunguka kwenye simu za vijana huku na ng'ambo, kila mmoja anambandika mwenzake, na kila mmoja anaamini amebaki yeye peke yake mwenye akili. Mwulize aliiweka kwa nini, atakujibu lile alilokwisha kukujibu: vijana wote wanaweka. Akishasema, usiongeze neno. Mwache alisikie mwenyewe.

Lakini nikisema amekosa kila kitu nitakuwa muongo. Wapo kina mama, labda hata kwenu, wanaonunua sare wasiyoitaka kwa kuogopa kusemwa. Kuuliza "kwa nini mnavaa sawa?" si dhambi. Angekuuliza wewe jikoni, ungempa kiti. Kosa lake ni kwamba hakuuliza. Alifuta sura za watu waliombebea sanduku, kisha akasema hazina kitu ndani.

Siri ya Esteria usimwambie. Najua ungeshinda ubishi kwa sentensi moja, mwanao angeinamisha kichwa, nawe ungejisikia vizuri hadi jioni. Meza, kama ulivyomeza. Heshima inayongoja kwanza ipewe sababu si heshima, ni malipo. Mwanao ajifunze kuwaheshimu wale kina mama bila kujua wanaficha nini, kwa sababu kila mtu anaficha kitu.

Kwa Esteria nenda leo, si kesho. Vaa kile cha kijani. Usimwambie pole, usitaje picha, usimpelekee gauni. Mwambie kuna maharage ya kuchambua na huwezi peke yako. Kaeni.

Rahabu ana ulimi na mimi nimempenda. Haki ya kukasirika anayo, hata ile "Sawa" yake nimeikubali. Ila hasira yake imempiga asiyehusika, na yeye ndiye mtu pekee mwingine anayeijua siri hiyo. Mfuate mkiwa wawili, mwulize swali moja tu: "Siku ile tulipovua sare, mwenzetu alibaki wapi?" Halafu nyamaza. Mwenyekiti anayebeba sanduku la mtoto wa jirani kichwani hahitaji mahubiri.

Ujumbe wa "samahani kwa wote walioguswa" ufute. Unauliza umepungua wapi: umepungukiwa na watu. Ni ile picha ile ile, mara hii imeandikwa kwa maneno. Wote kichwa kimoja, jina moja, "walioguswa". Anord aende kwa miguu, nyumba kwa nyumba, mchana, simu ameiacha kwako. Kila mlango atoe shikamoo, amtaje mama huyo kwa jina, amtazame usoni, aseme, "Nilifuta sura yako. Nimekuja kukuomba radhi." Asiseme ilikuwa utani. Asiseme mama ndiye aliyesambaza. Akitukanwa, asimame. Akipewa jembe, alime. Na wewe usimfuate nyuma kumtetea! Najua unavyopenda, lakini mlangoni aingie peke yake.

Sherehe usiifute, wala usipike peke yako kama mtu anayesusa. Na usitume mwaliko kwenye grupu. Nawe pita uwaalike kwa kinywa, mmoja mmoja, baada ya mwanao kupita. Watakaovaa sare wavae, watakaovaa koti la mzee wavae. Hilo waamue wao. Fanueli mwambie jogoo asubiri.

Jibu hili nilimsomea mama huyu kwenye simu kabla gazeti halijachapwa, maana sherehe haingoji zamu ya barua. Huu ndio ujumbe alioturudishia, tumeuchapa kwa ruhusa yake.

"Shangazi, ni mimi. Nilipomwuliza ile sura aliibuni nani, aliinuka akaenda nje kukaa kwenye ngazi. Sikuongeza neno ingawa nilikuwa nayo mengi. Asubuhi aliniachia simu mwenyewe. Alianza kwa Rahabu, na Rahabu akamwacha amesimama uani mpaka alipomaliza kufagia, ndipo akamwuliza, 'Wewe mtoto wa nani? Mbona sikuoni sura?' Anord akasema aliyokwenda kusema, na machozi yakamtoka, mimi sikuwepo ila Vumilia amenihadithia. Rahabu akampa shoka. Amechanja kuni mpaka mikono ya kalamu imetoa malengelenge, nimempaka mafuta huku namcheka, na nilikuwa nalia pia. Amezunguka nyumba zote. Mmoja tu amekataa, amemwambia arudi akishaoa, ndipo atajua uchungu wa mtoto. Nimemwambia atarudi.

Kwa Esteria nilikwenda siku ileile. Kitenge chake kilikuwa kwenye kamba ya uani, amekifua, kinachuruzika. Tumechambua maharage mpaka ungo ukajaa. Nilipoondoka alinisindikiza hadi njia panda, kiuno kimepona. Rahabu nilimwuliza lile swali. Alijipiga paja, akasema, 'Ewe mama,' basi. Keshoye nilimwona yupo kwa Esteria wanamenya viazi.

Joho limeshafika, nimelipiga pasi mara mbili ingawa Anord anasema halipigwi pasi. Nimepita kualika kila mlango kwa miguu yangu na magoti yananiuma vizuri. Na wewe nakualika kwa kinywa, Shangazi, usiseme hukuambiwa, na uvae unachotaka: ni Jumamosi tarehe kumi na tatu Desemba, kuanzia saa nne asubuhi, na sote tunakungoja."